Ruzuku ya serikali ya kujenga gati la ufuo wetu, Homa Bay: tuanzie wapi?

MwekaHazina_Ufuoni

Hamjambo wote. Nauliza kwa niaba ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) yetu iliyo upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, Kaunti ya Homa Bay. Tuna boti sitini na kitu zilizosajiliwa, nyingi za omena (dagaa), chache za mbuta (sangara), na siku za soko boti za abiria hushusha watu na mizigo hapa hapa. Gati hatuna. Wabebaji huingia majini hadi kifuani na kreti kichwani, na upepo wa alasiri ukivuma mizigo huloa au boti hugongwa kwenye mawe. Banda la samaki lipo, ila sakafu imepasuka, maji ya bomba hakuna, stima imeishia barabarani.

Mkutano wa wanachama umeamua tutafute ruzuku ya serikali. Je, ni mfuko gani hasa unaotoa pesa za gati dogo kama hili? Tumwandikie nani, na lini? Karatasi zipi zitangulie? Na tuombe gati la urefu gani? Tumeshauriwa tuandike mita 50 kwa kuwa ndiyo namba iliyozoeleka.

Bajeti_Mtaani

Dada Mweka Hazina, pesa za serikali za gati la ufuo haziji kwa BMU kama hundi. Zinakuja kama mradi: kaunti inapanga, inatangaza zabuni, inamlipa mwanakandarasi, kisha inawakabidhi kazi iliyokamilika muiendeshe. Msipoteze miezi mkitafuta fomu. Tafuteni nafasi ya jina la ufuo wenu katika karatasi za mipango za kaunti, moja baada ya nyingine, maana ikikosekana moja, mnyororo wote umekatika.

Kwanza jukumu ni la nani. Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti kazi ya uvuvi, na pia feri na bandari, isipokuwa udhibiti wa uchukuzi wa meli wa kitaifa na kimataifa. Kwa hiyo mlango wenu ni idara ya uvuvi ya kaunti. Bandari ya Kisumu ni jambo jingine, iko chini ya Halmashauri ya Bandari, KPA, wala barua yenu isiifanye mfano. Hakikisheni tu kwamba mahali mnapopataka si eneo la gati la kale la meli za reli, kama yale ya Kendu Bay na Homa Bay. Kaunti haiwezi kuweka pesa zake juu ya mali ya shirika la serikali kuu bila makubaliano ya maandishi.

Sasa karatasi. Ya kwanza ni mpango wa miaka mitano, CIDP, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ufunguliwe sura ya uvuvi na jedwali la miradi ya wadi yenu. Mara nyingi hamtaona jina la ufuo, bali maneno ya jumla kama "kuboresha fuo za kushushia samaki". Hayo yanatosha, nakilini maneno hayo na ukurasa wake, kisha myaweke katika sentensi ya kwanza ya barua yenu. Mhasibu wa kaunti akiona ombi linalotaja ukurasa wa mpango wao wenyewe, hana njia ya kusema halimo.

Ya pili ni mpango wa mwaka, ADP. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Maana yake maoni yenu yawe mezani Julai, au Agosti mapema mkichelewa sana. Hapa ndipo BMU nyingi huanguka: hujitokeza Mei kwenye kikao cha kukusanya maoni ya bajeti, wakati miradi ilishachaguliwa miezi tisa iliyopita. Ya tatu ni taarifa ya mwelekeo wa fedha, CFSP, inayofika bungeni kabla ya tarehe 28 Februari na kuweka kikomo cha kila idara. Ya nne ni makadirio yenyewe, kabla ya tarehe 30 Aprili, yapitishwe kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni.

Kupitishwa si kujengwa. Pesa za maendeleo zisizotumika hadi tarehe 30 Juni haki yake ya kutumika inakwisha, na mradi unarudi foleni. Kinachokwamisha hasa ni kwamba Julai michoro haipo, ardhi haina hati, ripoti ya mazingira haijaandikwa. Idara inahangaika nayo hadi Machi, zabuni inatangazwa Aprili, Juni inafika. Kisha inakuja bajeti ya nyongeza, na mradi ambao haujaanza ndio rahisi kukatwa. Kwa hiyo ombeni katika miaka miwili: mwaka wa kwanza kiasi kidogo cha upimaji, michoro na ripoti ya mazingira, mwaka wa pili ujenzi. Ombi dogo hupita kwa urahisi, na mradi wenye michoro tayari ni shida kuuruka.

Kuhusu ruzuku za nje ya mgao wa kawaida: Kifungu cha 202 cha Katiba kinaruhusu serikali kuu kuzipa kaunti mgao wa ziada, wenye masharti au usio nayo. Pesa nyingi za wafadhili hupitia hapo, kwa sheria ya mgao wa ziada ambayo bunge huipitisha. Sheria hiyo ikichelewa, pesa hazitoki hata kama mfadhili yuko tayari. Unaowafaa zaidi ni ule wa tabianchi, FLLoCA. Mlango wake ni kamati ya tabianchi ya wadi, na miradi huchaguliwa kutokana na tathmini ya hatari ambayo wananchi wenyewe wameshiriki. Gati linalopanda na kushuka na maji, katika ufuo uliofurika mwaka 2020, ni mradi wa tabianchi kweli kweli, mradi tu lijengwe hivyo. Mkiomba gati la zege lisilosogea mtakuwa mmejifungia mlango huo wenyewe.

Msihangaike na KEMFSED, huo ni mradi wa uvuvi wa kaunti za Pwani. ABDP nao ulibuniwa kwa ufugaji wa samaki mabwawani, si kwa gati la wavuvi.

Kijana_wa_Suba

Mbona hamjamtaja mbunge? NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, imejenga mengi huku kwetu. Pia kuna ule Mfuko wa Usawazishaji.

Bajeti_Mtaani

Ndugu yangu, NG-CDF kwa sheria yake ya 2015 inabanwa kwenye kazi za serikali kuu: shule za msingi na sekondari, usalama, na mengine ya aina hiyo. Gati la ufuo ni kazi ya kaunti. Hata kamati ikikubali, mkaguzi ataandika hoja, na kazi inasimama nusu.

Mfuko wa Usawazishaji, Kifungu cha 204, ni wa maji, barabara, vituo vya afya na stima kwa maeneo yaliyotengwa. Gati halimo. Lakini fikirieni hivi: mradi wenu una vipande vinne, yaani barabara ya kuingia, stima, maji safi, na gati pamoja na banda. Kila kipande kina mlango wake. Barabara ikiwa chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, ombeni huko. Stima, ombeni REREC (shirika la umeme wa vijijini) au Kenya Power. Mkivitia vyote katika ombi moja la kaunti, jumla inakuwa kubwa mno kwa bajeti ya idara ya uvuvi, na linalokatwa kwanza huwa gati.

Ila msichanganye hilo na kugawa kandarasi moja vipande vipande ili kila kimoja kiwe chini ya kiwango cha zabuni ya wazi. Hilo limekatazwa na kifungu cha 54 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015.

Mhandisi_Kingo

Swali la urefu ndilo linaloamua gharama, na mita 50 bila kupima ni kubahatisha.

Ziwa Victoria halijai na kupwa kila siku kama bahari ya Mombasa. Linapanda na kushuka polepole, kwa misimu na kwa miaka. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mei 2020 likavunja rekodi ya 1964 na kufika mita 1,136 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua za 2024 zikalijaza tena. Kati ya shuka ile na mafuriko yale kuna mita 3 hivi. Gati lenu lazima lifanye kazi pande zote mbili.

Tia hiyo kwenye hesabu. Tuseme mnataka mita 1.5 za maji mbele ya gati hata ziwa likiwa chini kabisa, ili boti iliyojaa isikwame na injini isichimbe matope. Basi kutoka ukingo wa maji ya juu kabisa hadi pale, sakafu lazima iwe imeshuka mita 3 na 1.5, jumla mita 4.5. Kama sakafu inashuka mita 1 kwa kila mita 10, umbali ni mita 45. Kama inashuka mita 1 kwa kila mita 40, jambo la kawaida kwenye fuo za matope za ghuba, umbali ni mita 180. Ufuo wa pili unataka gati mara nne ya ule wa kwanza kwa huduma ile ile. Ndiyo maana kusogeza mradi mita 300 hadi penye mwamba na kina kunaokoa pesa kuliko mazungumzo yoyote na mwanakandarasi.

Upimaji wa awali mnaweza kuufanya wenyewe. Chukueni kamba yenye alama kila nusu mita na jiwe zito mwishoni, ile ambayo mabaharia wa Pwani huiita bildi. Simikeni miti miwili ufukweni, mmoja nyuma ya mwingine, nahodha aione kama mti mmoja ili boti isitoke kwenye mstari. Nyosheni kamba nyingine juu ya maji iwape umbali. Pimeni kina kila mita 5 hadi mita 50, halafu kila mita 10 hadi mita 200. Rudieni mstari wa pili na wa tatu, mita 20 kila upande. Fanyeni asubuhi kabla ya upepo. Andikeni tarehe na saa, kisha ombeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kiwango cha ziwa cha siku ile. Bila kiwango hicho vipimo vyenu havina maana, kwa sababu kina cha mita 2 leo huenda ni mita 1 ziwa likishuka.

Udongo nao: sukumeni nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 3 kwa mikono. Ikizama yote bila nyundo, nguzo zitakuwa ndefu na mhandisi atataka kuchoronga kabla ya kuchora. Ikigonga mwamba kabla ya kuzama mita moja, nguzo hazipigwi, zinachimbiwa, na bei yake ni nyingine. Yaandikeni yote mawili katika barua.

Aina ya gati. La zege lisilosogea likiwekwa mita 1 juu ya maji ya mwaka 2020, ziwa likishuka mita 3 boti itakuwa mita 4 chini ya sakafu. Hakuna atakayepandisha kreti hapo. Kwa hiyo: sehemu ya kwanza kutoka nchi kavu iwe ya nguzo na sakafu imara, halafu daraja la kushukia lenye bawaba, halafu jukwaa linaloelea.

Maboya ya plastiki ngumu ya kuunganisha yanauzwa kwa vipimo vya sentimita 50 kwa 50 kwa 40, manne kwa kila mita ya mraba, na hubeba karibu kilo 350 kwa mita ya mraba kabla ya kuzama kabisa. Jukwaa la mita 20 kwa 3 ni mita za mraba 60, maboya 240, tani 21 kwenye karatasi. Panga theluthi, tani 7. Sababu ni kwamba watu hawasimami kwa usawa. Boti ya omena ikitia, wote hukimbilia ukingo mmoja, na ukingo huo ndio unaozama.

Daraja la kushukia la mita 12 likishuka mita 3 lina mwinamo wa 1 kwa 4. Ni mkali mno kwa mtu mwenye mzigo, na likiloa ni hatari. La mita 24 lingetoa 1 kwa 8, ila uzito na bei vinapaa. Kwa kuwa ziwa halibadiliki kwa saa, suluhisho ni kujenga vikalio viwili vya bawaba upande wa nchi kavu, kimoja mita 1.5 chini ya kingine, na kulihamisha daraja lile lile la mita 12 kwa boliti ziwa linapobadilika. Mwinamo unabaki 1 kwa 8. Daraja lenyewe liwe na mbao au bati la kukwaruza lisiloteleza, na reli pande zote mbili.

Nguzo za kuongoza jukwaa zipite maji ya juu kabisa kwa mita 1.5. Zikiwa fupi, mwaka wa mafuriko jukwaa linapanda, linachomoka kwenye pete zake na kwenda na upepo. Kama mnatumia nanga za zege badala ya nguzo, kumbukeni zege likiwa majini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Jiwe la tani moja linashikilia kama kilo 580 tu. Michoro mingi midogo husahau hilo.

Jambo moja nalisisitiza: msikubali tuta la mawe na udongo lijazwe kutoka ufukweni hadi kwenye kina, hata likiwa rahisi. Tuta huzuia maji kupita, mchanga hujikusanya upande mmoja, upande wa pili ufuo huliwa, na baada ya misimu michache mbele ya gati hakuna kina. Tuta la Mbita lililounganisha bara na Rusinga liliziba mkondo hadi ikabidi lijengwe daraja maji yapite. Nguzo zenye nafasi kati yake ndiyo njia.

Kwenye BQ (orodha ya vipimo na bei za kazi) angalieni mambo matatu ambayo husahauliwa. La kwanza ni kusafirisha mtambo wa kupigia nguzo na chombo cha kuubeba majini. Kwa gati dogo hii ni sehemu kubwa ya bei, na ikiachwa mwanakandarasi hujaribu kupiga nguzo kwa mikono, zikapinda. La pili ni VAT ya asilimia 16. La tatu ni akiba ya dharura, asilimia 10 kwa kawaida, kwa sababu chini ya matope huoni.

Afisa_Samaki_Mstaafu

Mhandisi amenena vizuri, ila naongeza gugumaji. Zulia lake lina uzito wa kilo 40 hivi kwa mita ya mraba. Hekta moja ni tani 400, na upepo wa alasiri unalisukuma lote kwenye jukwaa lenu. Boya la plastiki halivunjiki kwa hilo. Kinachokatika ni pini na masikio ya kuunganishia. Kwa hiyo upande mrefu wa jukwaa uelekee sambamba na mkondo unaopita ufuoni, usikingame ghubani kama nyavu. Jukwaa liweze kufunguliwa vipande viwili au vitatu na kuvutwa pembeni siku gugumaji likija. Boti zifungwe kwenye vishikio vilivyoungwa na boriti ndefu, kamwe zisifungwe kwenye sikio la boya moja. Ikiwezekana chagueni upande wa nje wa rasi, msiende ndani ya kihori, wala karibu na mdomo wa mto, kwa sababu gugumaji na tope hukaa hapo hapo.

Banda nalo lisiwe la kufikiriwa baadaye. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji, na maji ya kuoshea yaende kwenye shimo la kutulizia na la kunyonya, yasirudi ziwani. Uzio, vyoo vilivyo mbali na mahali pa kupimia, meza ya kupimia isiyoshika kutu, na maji safi yaliyopimwa. Masharti haya hayatokani na urembo wa ofisi. Ulaya ilipofunga soko la samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1990, hali ya fuo za kushushia samaki ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolazimika kurekebishwa.

Mtambo wa barafu huombwa kwa wepesi na huharibika kwa wepesi. Katika joto letu hesabu ya salama ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mtambo wa barafu ya vipande unataka uniti 70 hadi 90 za stima kwa tani. Tani mbili kwa siku ni karibu uniti 160, kila siku. Kama laini inayofika ni ya fezi moja, mtambo hautawaka, utabaki kufunikwa turubai. Ombeni kwanza fezi tatu na mita, halafu mtambo. Na kama shehena yenu ni omena, pesa hizo zinafaa zaidi kwenye vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa, vyenye wavu na turubai la mvua. Omena wa juani hawahitaji barafu, wanahitaji kutogusa mchanga.

MwekaHazina_Ufuoni

Asanteni sana, tayari nimefuta mita 50. Mahali penye mwamba papo, ila ardhi ya kupitia kufika hapo ni ya familia moja. Wamekubali kwa mdomo kutoa kipande. Hati imeandikwa jina la babu yao aliyefariki. Je, barua ya chifu inatosha?

Mipaka_na_Hati

Haitoshi, dada, na afadhali umeuliza kabla ya pesa kutengwa.

Aliyeandikwa kwenye hati akiwa marehemu, hakuna mjukuu anayeweza kutoa hata hatua moja ya ardhi hiyo kabla ya mirathi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inahesabu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama kuwa kosa. Familia ipate barua ya chifu inayoorodhesha warithi (barua ya chifu kazi yake ni hiyo), ifungue shauri mahakamani, tangazo litoke katika Gazeti la Serikali kwa siku 30 za pingamizi, ndipo msimamizi ateuliwe. Baada ya hapo idhini hiyo huthibitishwa, na mgao unaandikwa. Kipande cha gati kitajwe katika mgao huo tangu mwanzo, la sivyo mtarudi tena.

Kisha mpimaji aliyesajiliwa akate kipande. Kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, inatakiwa idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi yafikishwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Ikipita hapo, makubaliano ni batili isipokuwa mahakama iongeze muda. Hati mpya itoke kwa jina la Serikali ya Kaunti, isitoke kwa jina la BMU wala la mwenyekiti. Kaunti haitajenga juu ya ardhi isiyo yake, na mwenyekiti huondoka.

Upana: msikubali njia ya mita 3. Lori la samaki linahitaji kugeuka. Ombeni mita 9 za njia na uwanja wa kugeuzia karibu na banda.

Kuhusu ziwa lenyewe, Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema maziwa ni ardhi ya umma, iliyo mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi, ikisimamiwa na Tume ya Ardhi. Kwa hiyo faili ya kaunti inahitaji barua ya Tume, kibali cha WRA cha kujenga ndani ya maji na kwenye ukingo, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na maoni ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, kuhusu usalama wa boti na taa ya kichwa cha gati. Banda liwe nyuma ya mstari wa maji ya juu kabisa pamoja na ukingo uliohifadhiwa. Banda lililojengwa ndani ya ukingo huo ndilo linalonyimwa leseni, na ndilo lililozama 2020.

MwekaHazina_Ufuoni

Nimeelewa. La mwisho: gati likishajengwa, ada ya kutia boti itakusanywa na nani? Wanachama wanahofia kaunti itachukua zote na gati litaoza.

Bajeti_Mtaani

Hofu yao ina msingi. Mapato yanayokusanywa na kaunti kwa kawaida huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na yakishaingia hayatoki bila bajeti na idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Boliti ikikatika Oktoba, mtasubiri mwaka ujao.

Dawa ni mkataba wa usimamizi wa pamoja kati ya idara ya uvuvi na BMU, utiwe saini kabla ya zabuni, wakati kila upande bado unamhitaji mwenzake. Uandike ada gani ni ya kaunti kwa sheria yake ya fedha, na ada gani ni ya huduma ya BMU kwa kanuni zenu ndogo zilizoidhinishwa. Uandike nani hulipa stima, nani hubadilisha pini na boliti, nani hubeba gharama ya kuhamisha daraja ziwa likishuka. Fungueni akaunti ya matengenezo peke yake, watia saini watatu, na risiti zenye namba kwa kila boti, hata ya mwenyekiti.

Kaunti kwa kawaida hubakiza sehemu ya malipo ya mwanakandarasi hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Pigeni picha kila mwezi: pini, pete za nguzo, nyufa za sakafu. Ipelekeni orodha ya kasoro kwa mhandisi wa kaunti kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa kabla muda huo haujaisha. Pesa zile zikisharudishwa, hakuna wa kumwita.

Na tarehe: vipimo vya bildi na nondo vimalizike Mei, mirathi ianze sasa hivi, barua ya ADP ifike idara ya uvuvi, ofisi ya mipango na kwa mwakilishi wadi kabla ya katikati ya Julai. Nakala tatu, kila moja na muhuri wake.

Mhandisi_Kingo

Mkishapima, wekeni hapa jedwali la kina pamoja na tarehe na kiwango cha WRA. Nitawachorea mkato wa sakafu na kuwaonyesha vikalio vya bawaba vikae wapi, muambatanishe na barua.